MAKTABA YA KIJIJI: Jazz, Dawa na Mbio

Mwezi huu tutazame rafu moja yenye vitu vya mchanganyiko. Kuna habari za muziki wa jazz, kuna kitabu cha tiba, na kuna habari za riadha. Wapo watu wanaosema kwamba mtu aliyetoka kisomoni asome habari za mbolea na mifugo tu. Sisi hatukubali. Mtu asiposoma anachokipenda, huacha kusoma. Akiacha kusoma, baada ya miaka michache herufi humpotea.

Tuanze na jazz. Wengine huandika jazi, na si kosa. Muziki huu ulianza Marekani, katika mji wa New Orleans, yapata miaka 120 iliyopita. Walioanzisha ni watu weusi, na wengi wao walikuwa wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika. Katika jazz, mpigaji hafuati tu alichoandikiwa. Hupokea wimbo, kisha huongeza yake papo hapo, kama manju wa ngoma anavyofanya uwanjani. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong alizaliwa mjini humo mwaka 1901 katika familia maskini. Mwaka 1956 alipiga muziki Accra, Ghana. Mwaka 1960 alifika Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa.

Sasa kumbuka bendi zetu: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz. Zilichukua jina la jazz, lakini muziki wao hasa ulikuwa dansi, wenye rumba ndani yake. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikuwa fundi wa gitaa. Alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Ukipata santuni ya zamani, soma maandishi yaliyo katikati yake. Utaona jina la wimbo na jina la bendi. Hayo nayo ni masomo.

Kitabu cha pili ni Mahali Pasipo na Daktari. Kiliandikwa kwanza kwa Kihispania na David Werner, kwa ajili ya watu wa vijijini huko Meksiko. Kitabu cha namna hii hakisomwi kama hadithi. Huanzi ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Tafuta neno unalolihitaji katika orodha ya yaliyomo, kisha fungua ukurasa huo. Tazama picha. Soma mara mbili, tena polepole.

Kwa nini mara mbili? Chukua mfano wa mtoto anayeharisha. Mwili wake unapoteza maji na chumvi, na hilo ndilo linaloua. Pakiti ya dawa ya maji na chumvi kutoka zahanati ndiyo bora. Ukiikosa, tengeneza hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu ya kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Sasa angalia neno "nusu". Msomaji mwenye haraka huliruka, akaweka chumvi kijiko kizima, au akachanganya akaweka chumvi vijiko 6. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto vibaya, hata kumwua. Kwa hiyo mama asome, na baba asome pia, kisha walinganishe. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Akiwa na damu katika choo, au macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, msingoje. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

Nafasi ni ndogo, lakini wapenda michezo tusiwanyime. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia.

John Stephen Akhwari hakupata medali, lakini habari yake ndiyo tunayoipenda zaidi. Alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Mji huo uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Akhwari alianguka, akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea. Wakimbiaji 75 walianza. Waliomaliza ni 57, naye alikuwa wa mwisho wao.

Chukua daftari lako. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Akhwari alimaliza muda gani baada ya mshindi? Fanya hesabu, kisha mwonyeshe jirani yako jibu.