Kidari cha Ng'ombe kwa Moshi



Wapenzi wasomaji wetu, ukumbi huu wa jikoni leo unawafikia kutoka Tuala, Kaunti ya Kajiado, baina ya Ongata Rongai na Kitengela, ambako baadhi yetu watu wa Pwani tumehamia kwa ajili ya riziki. Huku hakuna bahari wala mnazi. Kuna tambarare, upepo na ng'ombe. Jumamosi iliyopita tuliazimia kupika kitu ambacho nyumba yetu haikuwahi kukipika: kidari kizima cha ng'ombe, kwa moshi, kutwa nzima. Bibi yao watoto alikuwa amewasili kutoka Mombasa, na majirani walialikwa baada ya Maghrib. Aibu, ikiwa ingekuwapo, ingekuwa na mashahidi.

Kidari ndiyo nyama ya kifua. Ng'ombe hana mtulinga, kwa hivyo misuli ya kifua huchukua sehemu kubwa ya uzito wake, nayo hukakamaa. Sisi tumezoea kuikatakata tukaichemsha supu. Watu wa Texas, huko Marekani, huiacha nzima wakaipika kwa moshi wa kuni mpaka ikalainika. Ndugu zetu wa Oman nao wana shuwa yao ya Idi: nyama hutiwa viungo, hufungwa majani, ikazikwa katika shimo la moto kwa siku nzima au zaidi. Siri ni moja: moto mdogo na muda mrefu.

Na moshi si mgeni kwetu. Tunafukiza nguo kwa udi, mitungi ya maji kwa ubani, na samaki tunambanika. Jirani yetu wa Kimaasai, aliyetupa kuni za mgunga, alituonyesha pia kijiti cha mzeituni mwitu, wao huuita oloirien, ambacho hukichoma akasugulia ndani ya kibuyu ili maziwa yakae na yanukie. Tukacheka pamoja: kumbe yeye na sisi tumelelewa na moshi.

Mwenye bucha, ambaye tunajua nyama yake imechinjwa kisharia, alistaajabu tulipomwambia asitukatie vipande. Tulichukua kilo 4 bila mfupa, mafuta ya juu yakiachwa unene wa nusu sentimita. Usiku tuliipaka chumvi na pilipili manga iliyopondwa, basi, tukaiweka katika friji.

Baada ya Alfajiri tuliwasha moto katika pipa lililokatwa kwa urefu, ambalo lilikuwa la mafuta ya kupikia. Pipa la dawa au la rangi lisitumiwe kabisa, wala mbao zilizopakwa rangi. Makaa yaliwekwa upande mmoja, nyama upande wa pili, na katikati bakuli la maji. Joto ndani ya pipa tulitaka liwe baina ya digrii 110 na 120. Hapo tukafanya kosa la kwanza: kuni moja ilikuwa mbichi, ikatoa moshi mzito mweupe kwa muda wa saa nzima. Moshi huo hutia uchungu. Unaotakiwa ni ule mwembamba, unaokaribia kuwa buluu, ambao ukiutazama haraka hudhani haupo.

Nyama iliingia saa 1 asubuhi. Ilipofika saa 6 mchana kipimajoto kilisoma digrii 68 ndani ya nyama, na saa 8 kikasoma 68 vile vile. Tukatamani kuongeza makaa. Lakini nyama inapofika hapo hutoka jasho kama mja kazini, na jasho hilo linapokauka huipoza. Moto ukizidishwa, nje huungua na ndani hubaki ngumu. Bibi, aliyekuwa amekaa kivulini na tasbihi yake, akasema: "Wanangu, ifungeni kama shuwa." Tukakata jani la mgomba kwa jirani, tukalibabua, tukaifunga. Joto likaanza kupanda tena.

Saa 9 upepo ukavuma na mvua ikatishia. Mmoja wetu akashauri tuliingize pipa jikoni. Hapo tuliweka mguu chini. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Baridi ya huku bara huwashawishi wengi kuingiza jiko chumbani, tafadhalini, msifanye. Tuliegemeza mabati upande wa upepo, tukabaki nje na miamvuli.

Saa 11 jioni kidari kilifika digrii 94, na kijiti kikapenya kama kinavyopenya ndizi mbivu. Tukakiacha kipumzike ndani ya jani lake mpaka tuliposwali Maghrib. Kisha tukakikata vipande vyembamba kwa kukingamana na nyuzi za nyama, maana ukifuata nyuzi utatafuna kamba.

Chakula kilipoandikwa, Bibi akanyanyua kipande, akakitazama kwenye taa, akakirudisha. Chini ya ganda jeusi palikuwa na mstari mwekundu. "Wanangu, nyama hii ina damu," alisema. "Mimi sili." Majirani wakaacha kula.

Swali la Bibi lilikuwa la dini kabla ya kuwa la mapishi, na hatukuona haki kulijibu kwa mzaha. Tulimwambia: "Mama, ulivyotahadhari ndivyo ulivyotufunza." Kisha tukaeleza kwamba damu iliyoharamishwa ni ile inayotiririka mnyama anapochinjwa, wekundu unaosalia katika mnofu baada ya kuchinjwa kisharia hauhesabiwi humo. Tena ule haukuwa damu. Moto wa kuni hutoa gesi zinazoingia katika nyama kwa kina kidogo, zikaizuia rangi yake isigeuke hata ikiiva. Tukampasulia kipande kinene: katikati kilikuwa kahawia, wekundu ulikuwa pembeni tu. Ingekuwa mbichi, wekundu ungekuwa katikati, mahali ambapo joto hufika mwisho.

Bibi akakibonyeza kwa kidole, akanusa, akanyamaza. "Nimewasikia," akasema. "Lakini nipeni ile ncha iliyokauka." Tukampa, hatukumsukuma zaidi. Akaila kwa wali wa nazi na achari ya ndimu, akasema ganda lina uchungu kidogo. Alisema kweli; ni ile kuni mbichi.

Asubuhi ya pili tulimkuta jikoni akitia vipande vilivyobaki ndani ya chapati, vyenye wekundu na visivyo nao.

Wasomaji wetu, Idi ya kuchinja ikija na kidari kikawafikia, msikimbilie kukikatakata. Tafuteni kuni kavu, kaeni nje, na msifunue pipa kila mara. Na mzee wa nyumba akikataa kula, msikilizeni kwanza. Mjibuni kwa ujuzi na adabu, kisha mwacheni achague kipande chake.

Wabillahi tawfiq.