Kabla gazeti halijafungia maandazi

Wadau, kuna wazazi wanaodhani kazi za karatasi ni za chekechea za ada kubwa tu. Sikubaliani nao.

Chukua Handa's Surprise, kitabu cha picha cha Eileen Browne (1994). Handa, binti wa Kijaluo nchini Kenya, anampelekea rafiki yake matunda 7 kwenye kikapu kichwani. Njiani wanyama wanayachukua moja moja, mwenyewe hana habari.

Ukishamsomea mtoto, mpe gazeti la jana, rangi na mkasi butu. Achore matunda, ayakate, kisha ayatoe kikapuni huku akikusimulia: tumbili kachukua ndizi, yamebaki 6. Hapo hadithi imekuwa yake.

Sisi waandishi tunajua magazeti yetu huishia kufungia maandazi. Kwanza yapitie kwa mtoto.