Asili Si Kinga

Katika masoko na vituo vya basi vya nchi yetu hakosekani mtu mwenye kipaza sauti na chupa za unga wa majani. Hunadi kwamba dawa yake huyeyusha unene kama jua liyeyushavyo samli, na akiulizwa juu ya madhara hucheka. “Hii ni miti shamba,” hujibu, “nayo haina sumu.” Maneno hayo, msomaji, ni uongo, na uongo huo umekwisha kuua watu.

Sigombani na hekima ya wazee wetu. Kwinini, iliyookoa wagonjwa wengi wa malaria, ilitoka katika gome la mti. Lakini mti wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru vilevile. Mbarika hutupa mafuta ya dawa, na mbegu zake zina sumu iwezayo kumwua mtu mzima.

Kiungo kibebacho hatari hiyo ni ini. Damu itokayo matumboni na kila tulichokila hupita kwanza hapo, ili ini lichambue cha kufaa na cha kutupwa. Waswahili humwita mpenzi wao mkalia ini, kwa kukienzi kiungo hicho. Lakini ini halilii mapema. Huweza kuumia sana kabla mwenyewe hajaona uchovu, kichefuchefu, mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa, na macho ya manjano.

Mchuuzi atasema, “Watu wameitumia tangu zamani.” Basi sikiliza kisa cha Ufaransa. Huko palikuwa na mmea uitwao jermanda, ulionywewa kama chai kwa karne nyingi. Mwaka 1986 unga wake ulianza kuuzwa katika vidonge vya kupunguza unene. Baada ya wiki kadhaa za kuvimeza, watu wakaanza kuugua ini. Wagonjwa walizidi 20, na mauti yakatokea. Wengine walipona, wakavirudia vidonge, na ugonjwa ukawarudia. Mwaka 1992 serikali ikavipiga marufuku. Wataalamu walipochunguza waliona jambo la kutisha: ini lenyewe, katika kuishughulikia kemikali ya mmea huo, ndilo lililoigeuza kuwa sumu.

Hata majani ya chai yana funzo. Kikombe cha chai ya kijani hakina lawama. Lakini dondoo yake iliyokolezwa, iliyouzwa kwa watu wanene, iliondolewa madukani Ufaransa na Uhispania mwaka 2003 kwa sababu ya ini. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya juu ya vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai hiyo. Kipimo kikibadilika, rafiki huwa adui.

Mchuuzi atajitetea tena, “Hata dawa za hospitali hudhuru ini.” Ni kweli, parasetamoli ikizidi kipimo huweza kuliangamiza. Lakini kipimo chake kinajulikana na kimeandikwa, na daktari aweza kukueleza dalili za hatari. Chupa ya sokoni haisemi ina mmea gani, wala kiasi gani, wala nani atajibu ukiugua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Unene uliozidi ni maradhi, na mwenye maradhi hastahili kuchekwa. Nasi tusimlaumu mchuuzi peke yake. Mara nyingi kicheko chetu, darasani na uwanjani, ndicho kimpelekacho mwenzetu kwa siri kwenye chupa ile. Basi, kijana, uzuie ulimi wako. Na ukimjua anywaye dawa hiyo, mshauri aiache, aichukue chupa yake, aende akamwonyeshe daktari bila haya. Aibu hupita, lakini ini ni moja tu.