Hoteli Kubwa au Nyumba Ndogo ya Wageni?



Mama mmoja wa Tunduma ametuandikia. Yeye na mumewe wanatimiza miaka 25 ya ndoa, na watoto wamewachangia fedha za kupumzika siku chache. Baba anataka hoteli kubwa ya kifahari, yenye mazulia na bwawa la kuogelea. Mama anapenda nyumba ndogo ya wageni iliyopambwa kwa picha za kuchora na vyungu. Lakini anaogopa: wakionekana wanaingia gesti, waumini watasemaje?

Hofu hiyo tunaielewa. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni, madereva hulala hapo, na gesti nyingi zimepakana na baa. Ndiyo maana neno lenyewe limechafuka. Hata hivyo, aibu haimo katika udogo wa jengo. Mzinzi hupata chumba hata kwenye hoteli ya nyota tano. Mume na mke wanaoandika majina yao halisi katika daftari la wageni hawana la kuficha.

Baba naye asibezwe. Mtu aliyetoka jasho miaka yote hiyo akitamani kuandaliwa meza na kuitwa mheshimiwa, si dhambi. Tena hoteli kubwa aghalabu ina jenereta, maji ya moto na mlinzi wa usiku. Tatizo ni gharama: fedha za siku tatu huweza kwisha kwa usiku mmoja.

Nyumba ndogo ina baraka zake. Ukumbi ukipambwa kwa vyungu vya wanawake wa Kikisi wa kando ya Ziwa Nyasa, kazi ya mikono ya mama mwenzetu imepata soko. Huko Utengule, karibu na Mbalizi, wageni hulala ndani ya shamba la kahawa. Lakini picha nzuri ukutani haizuii mbu! Kabla ya kulipa, ombeni kuona chumba. Jaribuni kitasa na bomba, kunjueni chandarua, ulizeni kama chai ya asubuhi imo katika bei, na kama kuna baa jirani.

Tumkumbuke yule mama Mshunami katika 2 Wafalme 4. Chumba alichomwandalia Elisha kilikuwa na kitanda, meza, kiti na taa. Vilitosha kumpumzisha mtumishi wa Mungu.

Ushauri wetu ni huu. Ketini pamoja mpange kiasi kisichozidi mchango wa watoto, asikope mtu. Laleni siku tatu katika nyumba ndogo iliyo safi na tulivu. Siku moja nendeni Mbozi mkakione Kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Jioni ya mwisho, kuleni kwenye hoteli kubwa, baba apate meza yake yenye kitambaa cheupe.

Kwa miaka 25 mmezungumza habari za ada, mahindi na wagonjwa. Sasa tafuteni mahali mtakapozungumza habari zenu wawili.

Mungu awabariki.