Pima Ghala Kwanza, Foklifti Baadaye

Chai haina siri. Ikiwekwa karibu na sabuni, samaki au moshi, huibeba harufu hiyo hadi kikombeni. Kwa hiyo maghala ya Mombasa, ambamo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi husubiri mnada, yanafaa kumkumbusha mfanyabiashara jambo linalopuuzwa mno: foklifti si za aina moja.

Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: inanyanyua tani ngapi? Wakisikia 3, hutoa fedha, wakaondoka na mashine ya dizeli iliyokwisha kutumika ng'ambo. Hiyo ndiyo foklifti inayojulikana na wote, yenye chuma kizito nyuma cha kusawazisha mzigo wa mbele. Uani haina mpinzani. Hushusha paleti za saruji kutoka kwenye lori, haijali mvua wala vumbi.

Iingize sasa kati ya rafu. Ili igeuke na kuweka paleti, huhitaji njia ya upana wa mita 3.5 hadi 4. Nafasi hiyo hulipiwa kodi kila mwezi bila kuhifadhi hata gunia moja, na moshi wake hubaki ndani pamoja na chai, unga na wafanyakazi.

Kwa ghala la namna hiyo ipo foklifti ya umeme ambayo mikono yake husogezwa mbele kufuata paleti, kisha hurudishwa. Hutosheka na njia ya mita 3 hivi, na zipo zinazopandisha mzigo zaidi ya mita 10. Masharti yake ni sakafu iliyosawazishwa na umeme wa kuaminika wa kuchaji betri. Bei yake nayo si ndogo. Mwenye duka la jumla ambaye mizigo yake hukaa chini hahitaji yoyote kati ya hizo mbili. Troli ya paleti ya kusukuma kwa mkono hubeba tani 2 au zaidi, bila tone la mafuta.

Hata zile tani 3 zina mipaka. Kwa kawaida huhesabiwa kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 50 kutoka mwanzo wa mikono. Mzigo ukiwa mrefu, uzito husogea mbele na uwezo hushuka, kama bembea ya ubao mtoto mmoja anapojisogeza nje. Dereva asiyelijua hilo huona magurudumu ya nyuma yakiacha sakafu. Hata hivyo, yapo maghala ambako ufunguo hukabidhiwa kijana yeyote aliyewahi kuendesha gari.

Mnunuzi aende dukani na vipimo vinne: upana wa njia, kimo cha rafu ya juu, uzito wa paleti nzito kuliko zote na urefu wa mzigo mrefu kuliko yote. Muuzaji asiyeviuliza anauza chuma tu. Gharama ya kumfundisha dereva nayo iingie kwenye hesabu ya ununuzi tangu siku ya kwanza, pamoja na betri na matairi.