Mtumbwi wa Familia Uwe na Mwenyewe, na Mjomba Alipe

 Wiki hii naacha nyanya na viuatilifu pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu mtumbwi, kwa sababu wengi wenu mnaolima mwambao huu wa Musoma mnautegemea kama mnavyoitegemea pampu ya maji. Anayelima upande wa Kinesi anavusha mazao kuja Mwigobero. Anayefuga sato kwenye vizimba hawezi kuwafikishia chakula bila chombo. Na wewe mwenye kuku, dagaa unaochanganya kwenye chakula chao wamevuliwa na mtu aliyeingia ziwani usiku. Wachache wenu mna mtumbwi wenu. Wengine mnakodi, na mara nyingi mnakodi kwa familia. Kuna na nyie ambao kwenu ndo wakodishaji wenyewe, na leo naongea zaidi na nyie.

Msimamo wangu ni huu: familia nyingi zinazokodisha mitumbwi hapa Makoko zinautafuna mtumbwi wenyewe huku zikidhani zinakula faida. Na anayeumia mwishoni ni kijana.

Chukua familia ya kawaida. Baba alinunua mitumbwi miwili enzi za nguvu zake, sasa miguu inamsumbua, anashinda nyumbani. Mama anapokea hela. Kijana wa kiume anaziba mbao zinazovuja, anapaka rangi, anaamka saa kumi alfajiri kuhakikisha makasia yamerudi. Dada yake anashika daftari, kama lipo. Kaka mkubwa yuko Mwanza, anapiga simu mwisho wa mwezi kuuliza kimeingia nini. Sasa waulize: huu mtumbwi wa nani? Wote watakujibu "wa familia". Ubao ukioza, hapo ndo utajua kwamba wa familia maana yake hauna mwenyewe.

Halafu kuna ndugu. Anafika jioni, sauti ya upole: "Mjomba, niazime chombo leo tu, kesho tutaonana." Kijana ataanzaje kumkatalia mjomba wake? Anampa. Kesho mjomba anakuja na sahani ya dagaa, anashukuru, anaondoka. Kwa mila zetu hapo hamna ubaya, na mimi sisemi ndugu watengwe. Ila angalia anakuja lini. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inawavuta vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika. Mjomba haji kuomba mtumbwi mwezi ukiwa mpevu! Anakuja giza likiwa zuri, siku ambazo mteja wa kulipa naye yupo mlangoni.

Tupige hesabu. Hizi namba ni za mfano, weka za kwako. Tuseme mtumbwi umegharimu shilingi 3,000,000 na utadumu miaka 6. Hapo kila mwaka unapoteza 500,000 ya thamani yake, hata kama hujaiona hela hiyo ikitoka mfukoni. Kuziba, kupaka rangi na kubadilisha mbao, 360,000 kwa mwaka. Leseni na ukaguzi, weka 90,000. Majaketi manne ya kuokolea ya 45,000 kila moja, yadumu miaka 3, ni 60,000 kwa mwaka. Jumla 1,010,000. Ukitoa siku za mbalamwezi, za upepo na za matengenezo, tuseme unakodisha siku 15 kwa mwezi, yaani 180 kwa mwaka. Gawanya: kila siku mtumbwi unakudai kama 5,600 kabla hujamlipa mtu yeyote. Weka na 3,000 ya kijana anayeutunza, inakuwa 8,600.

Sasa kama unakodisha kwa 5,000 kwa sababu jirani naye anakodisha kwa 5,000, kila asubuhi unauza kipande cha ubao. Na ukiazima ndugu siku 40 kwa mwaka bila malipo, 8,600 mara 40 ni 344,000. Karibu pesa yote ya matengenezo imeondoka na sahani za dagaa.

Ninachoshauri: ndugu alipe. Mpunguzie kama unataka, lakini alipe, na iandikwe. Familia ikitaka kusaidia watu wake, ikae ikubaliane idadi ya siku za bure kwa mwaka, tuseme kumi, na zisiangukie kwenye giza. Atakayemjibu mjomba awe mama au baba, kijana asibebeshwe mzigo huo. Kijana aseme tu, "Mjomba, shikamoo, daftari linasema siku za ndugu zimeisha, labda uongee na mzee." Kwenye ukoo wetu maneno hayo mzee ndo anaweza kuyamaliza.

Siku za mbalamwezi nazo msiache mtumbwi umelala juani mbao zinapasuka. Kodisheni kwa mkulima wa kuvusha mbolea au mwenye vizimba, hata kwa bei ya chini kidogo. Lakini mazao ni mazao na watu ni watu. Mtumbwi wenye leseni ya kuvulia si wa abiria, kivuko kipo kwa kazi hiyo.

Hapo kwenye usalama sina utani. Julai 2023 huko Bunda, ziwa hilihili, mitumbwi iliyobeba waumini waliokuwa wakitoka kanisani ilizama na watu zaidi ya kumi wakafa. Mkoa mzima ulilia. Bado nasikia mkodishaji akisema jaketi ni juu ya mteja. Hapana. Chombo ni chako, na TASAC wakija kukagua watakuuliza wewe. Kwenye hesabu ya juu majaketi manne yamekula kama shilingi 330 tu kwa siku. Mteja akikataa kuvaa, mtumbwi usitoke, hata akiwa mjomba, tena hasa akiwa mjomba, maana msiba utakuwa wa kwenu.

Kitu kingine ni akiba. Wanaokodisha mitumbwi midogo kule mtoni, kuanzia Kirumi na kuingia kwenye matete na mafunjo ambako watu wanavua kambale na kamongo, wanajua ninachosema. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi, samaki wakafa, Serikali ikazuia wananchi kutumia maji yale. Mtumbwi ukabaki kamba shingoni. Na msidhani ziwa haliwezi kufungwa: Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Ukiwa huna akiba ya miezi mitatu, utauza injini kwanza, kisha mtumbwi.

Narudi kwa kijana na dada yake, maana hapa ndo kuna maumivu. Chombo cha uvuvi kinasajiliwa kwa jina la mtu. Mara nyingi jina ni la baba. Siku baba akitangulia mbele ya haki, kaka wa Mwanza anakuja msibani, kikao kinakaa, mtumbwi unauzwa, hela inagawanywa sawa kwa wote. Yule aliyeutunza miaka minane anapata fungu sawa na ambaye hajui hata unavuja wapi. Dada aliyeshika daftari wakati mwingine hapati kitu kabisa. Wanaambiwa walikuwa wanakula pale nyumbani, inatosha.

Kwa hiyo baba akiwa hai na ana akili zake timamu, ombeni kikao. Muende kwa heshima, na daftari mkononi, msiende na lawama. Yaandikwe mambo matatu: nani anamiliki sehemu gani ya kila mtumbwi, anayeutunza analipwa kiasi gani kwa siku, na akiba inakaa kwenye akaunti au simu ya nani. Kijana akitaka kununua sehemu ya kaka kidogo kidogo kutoka kwenye posho yake, iandikwe pia. Mzee wa mtaa au mwenyekiti asaini kama shahidi.

Wapo watakaosema haya ni ya kizungu, familia haiandikiani. Mbona mahari tunaandika, mpaka idadi ya ng'ombe na mbuzi?

Na muda hauko upande wenu. Tangu Januari 2024, Rais alipozindua Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba kwa mkopo nafuu, mteja ameanza kuzoea chombo kisichovuja. Atakayetaka mkopo wa namna hiyo, au ule wa asilimia 10 wa halmashauri kupitia kikundi, ataulizwa kumbukumbu za biashara.

Mwenye daftari ambalo halielewi, apige picha kurasa za mwezi mmoja anitumie. Giza lijalo likianza nitakuwa nimeshampigia hesabu ya mtumbwi wake.