Sauti yako si lazima iwe tamu, lakini ni lazima ikutii

Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa kwenye matatu ya 58, tumekwama Jogoo Road karibu na City Stadium kama kawaida. Spika zilikuwa zinatikisa vioo. Ilikuwa inachezwa ngoma ya Buruklyn Boyz, na vijana watatu wa viti vya nyuma walikuwa wanaifuata neno kwa neno, hawaruki hata silabi moja. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, joho la kwaya limekunjwa vizuri juu ya mkoba wake, alivumilia hadi akashindwa.

"Makanga, hebu punguza hiyo kelele. Hawa hawaimbi, wanaongea tu!"

"Mathe, hiyo ni ngoma ya mtaa wetu!" kijana mmoja akamjibu.

"Basi mtaa wenu haujui kuimba."

Matatu nzima ikaangua kicheko. Makanga akapunguza kidogo, tulipovuka mzunguko akaongeza tena. Niliposhuka Mumias South Road nilikuwa bado nacheka, lakini maneno ya yule mama yalinifuata hadi kwetu. Je, msanii wa muziki wa kisasa anahitaji kweli ufundi wa sauti? Au inatosha awe na biti kali, maneno ya mtaa na video iliyopigwa vizuri?

Rika langu lina jibu la haraka: ufundi ni wa wanakwaya, sisi tunataka vibe. Wazazi wetu nao wana lao: asiyeweza kupanda na kushuka noti si mwimbaji. Nadhani pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanadhani ufundi wa sauti maana yake ni utamu.

Mimi nina kidonda changu katika jambo hili. Nikiwa darasa la saba nilikuwa kwenye kwaya ya shule, tukijiandaa kwa tamasha la muziki. Mwalimu alikuwa akipita kati ya mistari, sikio ameliinamisha, akimtafuta anayeharibu. Alipofika kwangu alisimama. "Wewe siku ya mashindano fungua mdomo tu. Usitoe sauti." Nilifungua mdomo kama samaki kwa dakika nne, nikiwa nimevaa tai na soksi nyeupe. Tulishinda. Nikapigiwa makofi kwa wimbo ambao sikuuimba. Hadi leo watu wakiimbiana siku ya kuzaliwa, mimi huchezesha midomo.

Simlaumu sana mwalimu. Sikio lake pia lilifunzwa mahali. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, wakati wa ukoloni, na kwaya ya Kizungu ndiyo iliyokuwa kipimo: soprano, alto, tena na besi, sauti ya duara, maksi kwenye karatasi ya mwamuzi. Ni kweli siku hizi tamasha hilo lina vitengo vya nyimbo za kiasili na mengine mengi. Pia hatuwezi kukataa matunda ya muziki wa shuleni. Bien, Chimano na Savara wa Sauti Sol walikutana Upper Hill School, wakaanza kwa kuimba bila ala kabla ya Polycarp na gitaa lake kuungana nao mwaka wa 2005. Zile sauti zao zinazoshikana kama vidole vya mkono mmoja hazikuokotwa barabarani. Zilifanyiwa kazi.

Shida inaanza pale kipimo hicho kimoja kinapotumika kupimia kila kitu. Ukikipeleka Eastlands, historia yote ya muziki wetu inaanguka mtihani. Kalamashaka kutoka Dandora, mwishoni mwa miaka ya 1990? Sifuri. Jua Cali na genge yake kutoka California? Sifuri. Ethic wa Umoja, walioachilia Lamba Lolo mwaka wa 2018 na kuifungulia gengetone mlango? Hao wangefukuzwa ukumbini. Na Buruklyn Boyz wetu, waliochanganya Buru na Brooklyn kupata jina, wakatoa albamu ya East Mpaka London mwaka wa 2022, wangeambiwa wafungue mdomo tu.

Lakini hebu fanya jaribio moja. Chukua ubeti mmoja wa drili, muziki uliozaliwa Chicago, ukapitia London na kutua kwetu. Uuseme wote bila kupumua mahali pasipofaa, kila silabi ikae nyuma kidogo ya ngoma, sauti iwe chini na bado kila neno lisikike. Ukifika mstari wa nne utakuwa unahema kama umepanda ngazi za ghorofa kumi. Wale vijana wa nyuma kwenye 58 waliweza kwa sababu wamerudia mara mia. Hiyo ni pumzi, ni wakati, ni matamshi. Huo ni ufundi wa sauti hata kama hakuna noti ya juu ndani yake.

Mkumbuke E-Sir, aliyefariki mwaka wa 2003 akiwa bado kijana mdogo. Zaidi ya miaka 20 imepita na watu bado wanafoka mistari yake kwenye sherehe, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mwepesi na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hukuhitaji kuuliza amesema nini. Wapo waimbaji wenye sauti za malaika ambao hadi leo hatujui wanasema nini.

Kufikia hapo najua wasee wa mtaa wananishangilia. Ngojeni kwanza. Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Tukishaambiwa kwamba si lazima sauti iwe tamu, tunaelewa kwamba hakuna haja ya kufanya mazoezi.

Kuna jirani yetu wa Phase Four, siwezi kumtaja, anayefoka vizuri sana studioni. Mwaka jana alipata nafasi ya kutumbuiza kwenye sherehe moja ya mtaa, nyimbo sita. Amezoea kurekodi mistari minne minne, prodyuza anaiunganisha. Jukwaani hakuna wa kukuunganishia. Tena safari hii fundi wa mitambo alikuwa na biti tupu, si ile CD yenye sauti yake ya kujificha nyuma. Wimbo wa kwanza alipiga kelele ili ashinde spika. Wa pili akaanza kukohoa. Wa tatu sauti ikakatika kabisa, akawa anaunyoosha umati maikrofoni kama anayeomba msaada. Umati ukaelekea kwenye nyama choma. Alikaa karibu mwezi mzima akiongea kama jogoo mwenye mafua, na aliyekuwa amemwahidi shoo nyingine akamtafuta mtu mwingine.

Alijitibu kwa tangawizi, ndimu na mayai mabichi. Kila mtu mtaani alikuwa na dawa. Ukweli ni kwamba unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kwani nyuzi hizo ziko kwenye njia ya hewa, si njia ya chakula. Kinywaji cha moto kinaweza kukutuliza koo, lakini hakiendi kuzipaka mafuta. Ukiongea tu kawaida, nyuzi hizo hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume, na karibu mara 200 kwa mwanamke. Sasa zidisha hiyo kwa saa nzima ya kupayuka. Zikiumizwa mara kwa mara huvimba na hata kuota vinundu. Hata walio juu kabisa hawajanusurika: Adele alifanyiwa upasuaji wa nyuzi zake mwaka wa 2011, akafuta ziara yake. Ukiwa na sauti ya kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, achana na mayai, muone daktari.

Kwa hivyo ninaposema ufundi wa sauti, nina maana ya jambo moja: uwezo wa kuifanya sauti yako ikutii, leo jukwaani na kesho tena. Iwe nyororo, iwe ya mchanga, iwe ya kunong'ona. Ikiwa inakutii, wewe ni fundi. Ikiwa inakutii studioni pekee, fundi ni prodyuza.

Na tusidanganyane kuhusu Auto-Tune. Ilivumbuliwa na Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichanganua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta, ikaingia sokoni mwaka wa 1997. Mwaka uliofuata Cher akaitumia wazi wazi kwenye Believe. Wengi wanamcheka T-Pain kwamba alijificha ndani ya mashine hiyo. Basi tafuta video yake ya mwaka wa 2014, akiimba kwa kinanda tu ofisini mwa redio ya NPR kule Marekani. Watu walibaki midomo wazi. Kumbe sauti ilikuwepo muda wote, mashine ilikuwa rangi aliyochagua kujipaka. Kwetu wengi wanaitumia kama gongo la kutembelea. Auto-Tune inaweza kukunyooshea noti. Haiwezi kukupa pumzi.

Usifikiri haya ni mambo ya juzi. Pwani mjadala huu ni wa kale. Siti binti Saad, ambaye maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert, aliuza vyungu vijijini Unguja na sauti yake ya kunadi ilisikika kutoka mbali. Kipaji kilikuwepo, lakini hakukiacha hivyo. Alipohamia mjini alikaa chini akafunzwa na wanamuziki, na mwaka wa 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Waliomcheka kwa sura yake aliwajibu kwa wimbo. Kisha akaja Bi Kidude, aliyeziendeleza nyimbo za Siti kwa sauti ya kukwaruza ambayo mwamuzi wa shule angeiandikia maneno makali. Ulimwengu ulimtunuku tuzo ya WOMEX mwaka wa 2005 akiwa ajuza, na aliendelea kuimba na kupiga ngoma hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki Aprili 2013. Sauti mbili, hazifanani hata kidogo. Zote mbili zilikuwa mikononi mwa wenyewe.

Ni kweli pia kwamba ufundi peke yake haujengi nyumba. Tuliokua tukitazama Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka wa 2006 na kumpa Valerie Kimani ushindi wa kwanza, tunakumbuka jaji Ian Mbugua akiwararua vijana waliotoka nje ya noti. Sauti nzuri zilipita pale kila msimu. Ni ngapi kati ya hizo tulizisikia kwenye 58 miaka mitatu baadaye? Chache. Wengi walifundishwa kuimba nyimbo za watu, hawakupata muda wa kutafuta la kwao la kusema. Mtaani tuna ugonjwa wa upande wa pili: tuna mengi ya kusema, na koo linalochoka kwenye wimbo wa tatu.

Dawa ya ugonjwa huu haiko mbali. Najua si kila mtu ana pesa za kulipia mafunzo ya muziki mjini. Lakini Buru ina makanisa kila kona, na ndani ya kila kanisa kuna kwaya inayofanya mazoezi Jumamosi bila malipo. Pale utafundishwa kuvuta pumzi kutoka tumboni, kupasha sauti moto kabla ya kuimba, na kumsikiliza aliye kando yako. Hakuna atakayekulazimisha uache kufoka. Kama kwaya si mtindo wako, basi usirekodi wimbo ambao huwezi kuufanya wote kwa pumzi zako mwenyewe, umesimama, mara mbili mfululizo. Kunywa maji. Usishindane na spika, mwambie fundi akuongezee sauti. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayomtofautisha anayeitwa tena na anayesahaulika kabla nyama haijaiva.

Na wewe mama wa 58, kama unasoma haya, siku nyingine usiwaambie wale vijana kwamba hawajui kuimba. Waulize wanapumua wapi. Nakuhakikishia watakuonyesha, na wewe utakuwa na la kuwafunza kuliko unavyodhani.

Kwa walimu wa kwaya nina ombi moja. Kuna mtoto kwenye mstari wako anayetoka nje ya noti. Mpange nyuma ukitaka. Mpe kipande kifupi. Mrudie baada ya mazoezi, mara kumi, mara ishirini. Lakini usimwambie achezeshe midomo. Mwache atoe sauti, ndipo ajifunze kuishika.